MWILI WA MWANAMKE TANGU UTOTO HATA UZEE

Hotuba iliyosomwa na muuguzi mmoja, mwanachama wetu, mbele ya mkutano wa wanawake wa tawi. Imepigwa chapa kwa ombi la wajumbe, pamoja na maswali yaliyoulizwa.

Ndugu Mwenyekiti, akina mama, dada zangu, na ninyi ndugu wanaume wachache mliokaa pale nyuma karibu na mlango,

Nimeombwa niseme habari ya jambo ambalo kwa kawaida halisemwi mkutanoni. Sisi hapa husema habari ya mishahara, ya saa za kazi, ya nyumba na ya likizo, na ni haki yetu kuyasema. Lakini wajumbe wa wanawake wamemletea Katibu malalamiko mengine ambayo wenyewe waliona haya kuyatamka mbele ya watu. Wako waliosema kwamba huwashwa na kuchomwa wakienda haja ndogo. Wako waliosema kwamba hutokwa na uchafu wenye harufu, wamenunua dawa mara tatu, mara nne, na haujakoma. Na mama mmoja, mtu mzima, mjane wa miaka mingi, alisema kwamba nyapara akimwona anakwenda chooni mara kwa mara humcheka na kumtolea maneno yasiyo ya adabu, ati ugonjwa huo ameutoa wapi na umri huo.

Basi nitasema wazi, na viungo nitavitaja kwa majina yake. Mwenye haya na atazame chini, lakini masikio ayafungue.

Neno la kwanza ni hili. Uke wa mwanamke mzima si mahali pasipo vijidudu, na wala haupaswi kuwa hivyo. Mwaka 1892 daktari mmoja Mjerumani, Albert Döderlein, alitoa kitabu mjini Leipzig, akaeleza vijidudu vyembamba kama vijiti alivyoviona katika majimaji ya uke wa wanawake wenye afya. Alionyesha ya kuwa vijidudu hivyo hutengeneza asidi, na asidi hiyo huzuia vijidudu viovu visimee. Leo vijidudu hivyo twaviita laktobasili. Ni ukoo mmoja na vile vinavyogandisha maziwa yakawa mala.

Sasa sikilizeni jinsi kazi hiyo inavyokwenda, maana ukielewa hapa, mengine yote utayaelewa. Mwanamke ana homoni iitwayo estrojeni, ambayo hasa hutoka katika mifuko ya mayai. Homoni hiyo huufanya ukuta wa ndani ya uke uwe mnene, na kuutia akiba ya chakula cha namna ya wanga, kiitwacho glaikojeni. Ngozi ya ukuta huo hubanduka kidogo kidogo kila siku, na wanga huo huvunjwavunjwa ukawa sukari. Laktobasili hula sukari hiyo na kutoa asidi. Basi laktobasili ni askari wa zamu, glaikojeni ni posho yao, na estrojeni ndiye bwana posho. Bwana posho akiwapo, askari wanakula na lango lina ulinzi. Bwana posho akiondoka, askari nao huondoka mmoja mmoja, na wapita njia huingia.

Uchachu hupimwa kwa kipimo kiitwacho pH. Maji safi ni 7. Maji ya ndimu ni kama 2. Kadiri nambari inavyoshuka, ndivyo uchachu unavyozidi. Uke wa mwanamke aliye katika miaka ya kuzaa, mwenye laktobasili za kutosha, huwa kati ya 3.8 na 4.5. Hapo vijidudu vingi viovu haviwezi kustawi.

Lakini kipimo hicho si kimoja maisha yote, na hapa ndipo penye kiini cha hotuba yangu. Watu wengi huudhani mwili wa mwanamke kuwa kitu kimoja tangu kuzaliwa mpaka kufa, kwamba lililo ugonjwa kwa msichana ni ugonjwa kwa nyanya yake, na dawa ya mmoja ni dawa ya wote. Si hivyo.

Tuanze na mtoto mchanga. Mtoto wa kike akiwa tumboni hupata estrojeni ya mama yake. Kwa hiyo akizaliwa, kwa muda wa majuma machache, uke wake una uchachu kama wa mtu mzima. Pengine hutoka ute mweupe, na katika siku za kwanza pengine hata matone machache ya damu. Nimewaona mama vijana wakilia kwa hofu, na majirani wakianza kunong'ona kwamba mtoto ametendewa ubaya. Ni estrojeni ya mama inayoondoka mwilini mwa mtoto, basi. Msimtie dawa yo yote. Lakini damu ikitoka baada ya majuma hayo ya kwanza kupita, hapo mpelekeni hospitali.

Baadaye mtoto hana estrojeni tena ya kutosha. Ukuta wa uke wake ni mwembamba, askari hawapo, na kipimo hukaribia 7 kama maji. Vijidudu vilivyopo ni mchanganyiko wa namna nyingi. Hii ndiyo hali yake ya haki, si ugonjwa. Ila kwa kuwa ngozi ni nyembamba, huwashwa upesi kwa sabuni kali, kwa nguo ya ndani yenye unyevu, kwa minyoo midogo ya tumboni, na kwa kupanguswa vibaya. Mfundisheni mtoto apanguse kutoka mbele kwenda nyuma, asirudishe kinyesi mbele. Mkiona uchafu wenye harufu mbaya au damu, huenda ameingiza kitu akicheza, na huenda pia mtu amemdhuru. Nendeni hospitali bila kuchelewa na bila kuficha, hata kama mshukiwa ni mtu wa nyumbani.

Kisha huja ubalehe. Mara nyingi mama hungoja damu ya kwanza ndipo aseme na binti yake. Amechelewa. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walieleza habari za wasichana 31 waliofuatwa katika umri huo. Wengi walikuwa na laktobasili nyingi hata kabla ya kuona hedhi ya kwanza, na uke wao ulikuwa tayari unafanana na wa mwanamke mzima. Maana yake ni kwamba estrojeni hutangulia, na damu hufuata nyuma. Msichana huona ute mweupe au usio na rangi katika nguo yake miezi mingi kabla ya hedhi. Najua nyumba ambamo msichana alipigwa kwa ajili ya ute huo, akiambiwa ameanza wanaume. Mtoto amepigwa kwa sababu mwili wake umefanya kazi yake sawasawa.

Na hapa niseme habari ya kwetu Kenya. Katika Siaya wasichana wa shule walipewa vikombe vya hedhi, yaani vikombe laini vinavyowekwa ndani vikakinga damu, na watafiti wakawapima wasichana 436 kwa muda wa miezi 30. Matokeo yalitolewa mwaka 2023. Waliopewa vikombe walikuwa na mvurugiko mdogo wa vijidudu kuliko wenzao, na laktobasili zao zilikuwa za aina iliyo bora. Damu si chachu, kipimo chake ni kama 7.4, nayo ikikaa huwaondolea askari uchachu wao. Wasichana walio maskini hutumia vitambaa na vipande vya godoro, na wako wanaodanganywa na wanaume kwa ajili ya bei ya pamba. Kwa hiyo kikombe si jambo la anasa.

Sasa twaja kwa mwanamke wa miaka ya kuzaa, na wengi wenu hapa ndimo mlimo.

Katika miaka hii askari ni wengi, lakini hawatulii. Siku za hedhi hupungua, zikiisha huongezeka tena. Shahawa pia si chachu, na kwa saa kadhaa huwapunguzia uchachu wao. Hayo yote mwili huyarekebisha wenyewe. Na ute nao hubadilika katika mwezi, mara mwepesi wenye kuvutika, mara mzito mweupe. Mwanamke asiye na ute wo wote si msafi kuliko wengine.

Pengine askari hushindwa, na vijidudu vingine vingi visivyopenda hewa huchukua mahali pao. Hali hiyo madaktari huiita vajinosisi ya bakteria. Alama zake ni ute mwepesi wa kijivujivu, na harufu kama ya samaki ambayo huzidi baada ya kulala na mume. Mara nyingi hakuna mwasho. Si sawa na fangasi. Fangasi huwasha sana, na uchafu wake ni mzito mweupe kama maziwa yaliyoganda, tena hauna harufu hiyo. Nasema haya kwa sababu kila juma naona wanawake waliouziwa dawa ya fangasi dukani kwa ugonjwa usio fangasi. Mwenye duka hakuwapima, aliwauliza tu shida ni nini. Huo ni mshahara wa siku mbili umetupwa. Na uchafu wa rangi ya manjano au kijani, au maumivu ya tumbo chini ya kitovu pamoja na homa, hayo ni mambo mengine tena, yataka kupimwa siku ile ile.

Je, jambo hili ni kubwa, au ni habari ya harufu tu? Sikilizeni. Mombasa wako watafiti waliofuata kwa miaka mingi wanawake wanaopata riziki kwa kuuza mwili. Mwaka 1999 walitoa habari za wanawake 657 ambao mwanzoni hawakuwa na virusi vya UKIMWI. Ni 26 tu katika kila 100 waliokuwa na laktobasili. Na wale wasiokuwa nazo walipata virusi kwa kiasi kama mara mbili ya wenzao, na kisonono nacho kiliwapata zaidi. Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza niliisoma tena. Vijidudu hivi visivyoonekana kwa macho ni ukingo katika vita tulivyopigana nchi nzima.

Miaka saba baadaye, 2006, wakatoa habari nyingine kutoka Mombasa hiyo hiyo. Waliwaangalia wanawake 1,270 kwa muda wa miaka kumi, wakiuliza kama hujiosha ndani ya uke, na kwa kitu gani. Hata baada ya kuhesabu tofauti za mienendo yao, wale waliojiosha ndani kwa maji matupu hatari yao ya kupata virusi ilikuwa zaidi ya mara mbili kuliko wasiojiosha ndani. Waliotumia sabuni au vitu vingine, karibu mara nne.

Akina mama, najua tulivyolelewa. Tumefundishwa na mama zetu na makungwi kwamba mwanamke msafi huingiza kidole akajisafisha. Wengine hutumia ndimu, wengine siki, wengine shabu, wengine sabuni ya kufulia. Wengine siku hizi hununua chupa zenye manukato zinazouzwa kwa bei ghali na picha ya ua juu yake. Sitaki kuwatukana wazee wetu. Walitaka usafi. Lakini usafi wa nje ni jambo moja, na wa ndani ni jambo jingine. Nje osheni kwa maji, na kama ni sabuni basi iwe laini na kidogo. Ndani msiguse. Ukimwaga maji ndani waondoa asidi na askari pamoja, na ndimu haiwarudishi askari, huunguza ukuta tu. Kisha harufu ikizidi mwanamke huosha zaidi, na akiosha zaidi harufu huzidi. Wenye duka hawana haraka ya kuwaeleza.

Jambo jingine nataka mlijue, msije mkatishwa hofu na karatasi ya maabara. Mwaka 2011 daktari Jacques Ravel na wenzake wa Marekani walipima wanawake 396 wasioona ugonjwa wo wote. Kama 73 katika 100 walikuwa na laktobasili nyingi. Lakini kati ya wanawake weusi, kama 40 katika 100 hawakuwa nazo kwa wingi, na kati ya weupe ni kama 10 tu. Wengine wamesema basi hiyo ni kawaida ya wanawake weusi, tuiache. Wengine wamesema ni hatari, tuwape dawa wote. Mimi naona kila upande una haraka. Mwanamke asiye na dalili hahitaji kutibiwa kwa sababu ya jina la kijidudu, isipokuwa daktari wake ana sababu. Lakini kuyaita mambo haya ni kawaida ya weusi, wakati habari za Mombasa tunazo, ni kutuacha langoni bila mlinzi. Hata laktobasili zenyewe si sawa zote. Iko iitwayo krispatasi, askari imara, na iko iitwayo inesi, ambayo hubadilika badilika na kuachia lango upesi.

Habari ya uja uzito nitaipita upesi. Mwenye mimba ana estrojeni nyingi mno, na kwa kawaida askari wake hutulia na kuongezeka. Akijifungua, estrojeni huanguka kwa ghafula, damu ya uzazi hutoka kwa majuma, na vijidudu huchanganyika. Akinyonyesha, estrojeni hukaa chini, kwa hiyo huweza kuwa mkavu na kuona maumivu akilala na mume. Mama wengi hurudi kazini baada ya ile miezi mitatu ya likizo yenye mshahara wakiwa katika hali hii, wakidhani wameharibika kwa uzazi. Hawakuharibika. Mume na avumilie.

Sasa niwageukie akina mama watu wazima, maana kwa ajili yao hasa ndipo nilipokubali kusimama hapa.

Kwa wanawake walio wengi hedhi hukoma kati ya miaka 45 na 55. Tunasema imekoma kweli ukipita mwaka mzima bila damu. Kabla ya hapo kuna miaka kadhaa ya damu kuja na kupotea, joto la ghafula, jasho la usiku. Hayo husemwa siku hizi. Lisilosemwa ni la chini. Bwana posho amestaafu. Ukuta wa uke huwa mwembamba na mkavu, glaikojeni hupungua, laktobasili hupungua nazo, na kipimo hupanda mpaka 5, 6, pengine 7, kama alivyokuwa mtoto. Si wanawake wote. Wako wanaobaki na askari wao hata uzeeni. Lakini walio wengi huona mabadiliko: mwasho, kuchomwa, maumivu ya kulala na mume, haja ndogo ya mara kwa mara. Na tofauti na joto la ghafula, ambalo hupungua kadiri miaka inavyopita, haya mara nyingi huzidi yasipotibiwa.

Angalieni mahali njia ya mkojo ilipo. Iko jirani kabisa na uke. Lango la uke likikosa ulinzi, vijidudu vya tumbo, hasa kile kiitwacho ikolai, husogea kutoka nyuma, hukaa pale, kisha hupanda katika kibofu. Ndiyo maana mama mjane asiyelala na mtu ye yote huweza kupata maambukizi ya mkojo mara nne, mara tano kwa mwaka. Hakuyatoa kwa mwanamume. Yule nyapara na aambiwe hivyo.

Na dawa iko. Mwaka 1993 madaktari wawili, Raz na Stamm, walitoa habari za wanawake 93 waliokwisha koma hedhi, wote wenye kupata maambukizi ya mkojo mara kwa mara. Waligawanywa. Kundi moja lilipewa krimu ya estrojeni ya kutia ukeni, kundi la pili krimu isiyo na dawa, bila wenyewe kujua ni ipi. Kabla ya dawa hakuna aliyekuwa na laktobasili. Baada ya mwezi mmoja, 61 katika 100 ya waliopata estrojeni walikuwa nazo tena. Waliopata krimu tupu, hata mmoja. Na maambukizi? Kundi la dawa lilipata kama nusu moja kwa mtu kwa mwaka, yaani 0.5. Kundi jingine 5.9. Bwana posho alirudishwa kidogo tu, mahali pale pale, na askari wakarudi zamu.

Habari hiyo ina zaidi ya miaka thelathini. Hata hivyo mama zetu bado huandikiwa antibiotiki baada ya antibiotiki, bila mtu kuwauliza hedhi ilikoma lini. Kwa hiyo ninyi msingoje kuulizwa. Mkienda kwa daktari, semeni: hedhi yangu imekoma mwaka fulani, na shida ilianza mwaka fulani. Ombeni mkojo upimwe katika maabara. Ombeni na sukari ipimwe, maana kisukari nacho huleta mkojo wa mara kwa mara, na fangasi. Ulizeni juu ya krimu ya estrojeni. Huandikwa na daktari, si ya kujinunulia ovyo, na aliyepata kuugua saratani ya matiti lazima amwambie daktari kwanza. Asiyetaka homoni huweza kutumia kilainisho cha maji wakati wa kulala na mume. Mafuta ya kupikia au ya kujipaka hudhoofisha mipira ya kondomu, jihadharini.

Na neno moja msilisahau hata mkisahau mengine yote: mwanamke aliyekoma hedhi mwaka mzima, kisha akaona damu, hata tone, asiseme ujana umerudi. Aende hospitali juma lile lile. Huenda ni ukavu tu. Huenda ni saratani ya mlango wa uzazi au ya mfuko wa uzazi, na zote mbili hutibika vizuri zikionekana mapema.

Sasa kazini. Mwanamke asiyeruhusiwa kwenda chooni hukaza mkojo, na tena hajinyweshi maji makusudi ili asiende. Mkojo uliokaa kibofuni ni shamba la vijidudu. Anayebadili pamba mara moja tu kwa zamu ya saa nane au kumi, kwa kuwa choo ni kimoja na hakina maji, amewekewa ugonjwa na kazi yake. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka vyoo vya kutosha, vilivyo safi, na vya wanawake vitengwe na vya wanaume. Yataka maji ya kunywa na mahali pa kunawa. Sheria ya Kazi ya mwaka huo huo yampa mfanya kazi, akiisha kutumika miezi miwili, siku zisizopungua 7 za ugonjwa kwa mshahara mzima, na 7 nyingine kwa nusu mshahara kila mwaka, akiwa na cheti cha daktari. Cheti si lazima kimtangazie nyapara ni kiungo gani kinachouma.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Aulizaye na aulize.

MASWALI

Mama mmoja wa idara ya kupakia aliuliza: Kama laktobasili ni ndugu wa mala, je, si afadhali tujipake mala, au tunywe mursik kwa wingi?

Jibu: Kunyweni kwa afya ya mwili, ni chakula chema. Lakini msijipake wala kujitia. Vijidudu vya maziwa si wale wale wa uke, na havikai huko. Marekani walijaribu krispatasi yenyewe, iliyotolewa ukeni na kukuzwa, wakaitia kwa wanawake 228 waliokuwa wamekwisha kutibiwa vajinosisi. Mwaka 2020 walieleza kwamba baada ya majuma 12 ugonjwa uliwarudia 30 katika 100, na waliopata dawa tupu 45 katika 100. Ni matumaini, lakini si mala.

Ndugu mmoja mwanamume aliuliza: Mke wangu ametibiwa mara tatu na harufu hurudi. Rafiki zangu wasema hiyo ni alama kwamba ametoka nje. Ni kweli?

Jibu: Si kweli, na rafiki zako si madaktari. Ugonjwa huu hurudi katika mwaka mmoja kwa zaidi ya nusu ya wanaotibiwa. Lakini swali lako ni jema, kwa kuwa huenda anayemrudishia ni wewe, bila ya wewe kuwa na dalili yo yote wala kosa lo lote. Mwaka 2025 madaktari wa Australia walitoa habari za wanawake 164 na waume zao. Alipotibiwa mke peke yake, ulirudi kwa 63 katika 100 ndani ya majuma 12. Alipotibiwa na mume pia, kwa vidonge na krimu ya kujipaka kwa siku 7, ulirudi kwa 35. Wakasimamisha jaribio kabla ya wakati, kwa kuwa jibu lilikwisha onekana. Basi nendeni kliniki pamoja, mkamwambie daktari kwamba mwataka kutibiwa wote wawili.

(Hapa wanawake walipiga makofi, na ndugu huyo akakaa chini akicheka.)

Mjumbe mmoja aliuliza: Habari ya nyapara yule tuifanyeje?

Hili lilijibiwa na Katibu. Alisema kwamba mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi sheria yataka mwajiri awe na kamati ya usalama na afya ambayo wafanya kazi wana wajumbe ndani yake, na pia awe na taarifa iliyoandikwa ya kukataza unyanyasaji wa kijinsia. Ya kwanza tawi litaipelekea hesabu ya vyoo, idadi ya wanawake kwa kila zamu, na saa ambazo maji hayapatikani. Ya pili litaiomba kwa barua. Alimtaka kila mwanamke aliyeambiwa neno baya aandike siku, saa, maneno yenyewe na aliyesikia, na kumpa mjumbe wake wa kike kabla ya mwisho wa mwezi. Asiyejua kuandika, mjumbe atamwandikia.